UZI: Waridi la nyumbani Nyanda za Juu Kusini, masika lina adui wake na kipupwe kina wake

Mleta uzi (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za majukumu.

Naleta uzi huu kwa sababu kila ikifika Februari naulizwa swali lilelile: "Mwaridi wangu umepukutisha majani yote, nitajie dawa." Ikifika Agosti swali linarudi kwa sura nyingine: "Majani yamejaa unga mweupe na yamejikunja, nitajie dawa." Mtu anaenda duka la pembejeo, anauziwa chupa moja, anapiga masika, anapiga kiangazi, na mwaridi unazidi kudhoofika. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na hali ya hewa inayolipa nguvu moja ndiyo inayolidhoofisha jingine. Huku kwetu mwaridi unatakiwa utunzwe kwa namna mbili ndani ya mwaka mmoja. Hilo ndilo nataka tulielewe leo, mengine yatafuata.

Tuanze na masika, kuanzia Novemba hadi Aprili. Adui hapa ni doa jeusi. Utaona madoa meusi ya mviringo yenye kingo zilizochanikachanika kama manyoya, jani linageuka njano kuzunguka doa, kisha linadondoka. Huanzia majani ya chini na kupanda juu. Kuvu huyu anahitaji jani liwe na maji mfululizo kwa saa saba hivi ndipo aingie. Mvua ya mchana inayofuatiwa na jua haimpi nafasi kubwa. Mvua ya saa kumi na moja jioni inayoliacha jani na maji mpaka asubuhi inampa kila anachotaka. Mbegu zake zinakaa kwenye majani yaliyoanguka, na tone la mvua likipiga chini linazirusha juu kwenye majani mazima.

Kwa hiyo masika fanya kila uwezalo jani likauke mapema. Panda mahali panapopata jua la asubuhi, siyo nyuma ya nyumba ambako jua linafika saa sita. Acha nafasi ya sentimita 75 hadi 90 kati ya mche na mche ili upepo upite. Mwaridi ukishakomaa, ondoa majani ya chini kabisa, yale yanayokaribia kugusa udongo. Okota majani yaliyoanguka kila unapopita, uyachome au uyafukie mbali, usiyatupe kwenye shimo la mboji. Tandaza nyasi kavu au mabua ya maharage shinani ili tone la mvua lisirushe udongo. Ukimwagilia siku ambayo mvua haikunyesha, mwagia chini kwenye shina, tena asubuhi. Mtu akifanya haya tu, hata bila dawa, ataona tofauti ndani ya msimu mmoja.

Sasa kiangazi. Kuanzia Mei mvua inakata, mchana jua na hewa kavu, usiku baridi na umande. Hapo anaingia ubwiri unga, kuvu wa ule unga mweupe niliousema mwanzo. Huyu hana haja ya maji juu ya jani. Anachotaka ni unyevu wa hewa usiku na ukavu mchana, yaani hali ya hewa ya kwetu kuanzia Mei mpaka Septemba, hasa siku ambazo usiku hauna ile baridi kali sana. Anakaa kwenye vichipukizi vichanga na shingo ya tumba. Jani linajikunja, tumba linashindwa kufunguka vizuri.

Na hapa ndipo wengi wanashangaa nikiwaambia: kiangazi osha majani. Maji yakikaa juu ya jani, mbegu za ubwiri unga hazioti vizuri, na nyingine zinasombwa. Chukua mpira au bomba la mkono, saa mbili asubuhi jua likiwa limeshatoka, puliza maji majani yote juu na chini. Mpaka saa nne yamekauka. Mara mbili kwa wiki inatosha. Faida ya pili ni kwamba unamuosha utitiri mwekundu, yule mdudu mdogo sana anayekaa chini ya jani na kuliacha na vidoti vya rangi ya shaba na utando mwembamba. Utitiri unapenda ukavu na vumbi, ndiyo maana miwaridi iliyo karibu na barabara ya vumbi inaumwa zaidi Septemba na Oktoba.

Kitendo kilekile, yaani kulowesha majani, ni kosa masika na ni tiba kiangazi. Ukishalielewa hili, nusu ya kazi umemaliza.

Dawa zipo, lakini zije baada ya hayo. Kwa ubwiri unga, salfa ni dawa ya zamani na inafanya kazi. Ndiyo hiyohiyo wakulima wa korosho wa Mtwara wanayopulizia mikorosho yao kwa ugonjwa wa jamii hiyo. Usiipige jua likiwa kali, na usiichanganye na mafuta ya aina yoyote, hata ya mwarobaini. Acha wiki mbili kati ya kimoja na kingine, la sivyo unaunguza majani. Asiyetaka dawa ya duka ajaribu maziwa: sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, apige asubuhi kwenye jua mara moja kwa wiki, aanze mapema dalili zikiwa chache. Jani likishafunikwa lote, maziwa hayatamsaidia.

Vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojazana kwenye tumba, wasikupeleke mbio dukani. Wakamue kwa vidole au wapige maji yenye sabuni ya maji kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Angalia na sisimizi wanaopanda shina, kwa sababu wanawalinda vidukari ili wapate ule utamu wanaoutoa. Na ukimwona yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni, tafadhali mwache. Yeye na watoto wake wanakula vidukari kutwa nzima. Sumu kali ya wadudu inamuua yeye kwanza, vidukari wanarudi bila mpinzani.

Udongo sitaurefusha sana. Waridi linapenda pH (kipimo cha tindikali ya udongo, namba ikishuka tindikali inazidi) ya 6 mpaka 6.5. Kipimo rahisi cha macho: ikiwa eneo lenu ni la chai, kama Mufindi, Lupembe au Rungwe, ujue udongo una tindikali kuliko waridi linavyotaka, kwa sababu chai yenyewe inastawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Huko chokaa ya kilimo inahitajika, lakini pima kwanza. Sisi wa hapa Uyole tuna udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, maji yanapita upesi, kwa hiyo tatizo letu ni kushikilia maji na mbolea. Dawa ya yote mawili ni samadi iliyooza vizuri. Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini na 50 upana, changanya udongo wa juu na ndoo nzima ya samadi, acha likae wiki mbili kabla ya kupanda. Kama mwaridi mwingine ulikufia hapo, usipande hapohapo. Sogea, au toa udongo wote wa shimo uweke mwingine, maana mwaridi mpya kwenye udongo wa mwaridi wa zamani hudumaa.

Kupogoa tutaongea mkiuliza. Karibuni.

---

Mchangiaji wa Mafinga

Mkuu, asante kwa somo. Huku kwetu mashine za mbao ni nyingi, maranda tunapewa bure. Naweza kutandaza kwenye mawaridi badala ya nyasi? Na majani ya misindano (mipaini) je?

Mleta uzi

Maranda mabichi yaliyotoka mashineni leo usiyachanganye na udongo hata kidogo. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni, vinaichukua kutoka kwenye udongo, na mwaridi wako utageuka njano. Yarundike nje, changanya na samadi ya kuku, yaloweke, yageuze, subiri yawe meusi na yanuke kama udongo wa msituni. Hapo ni mali. Ukitaka kuyatumia mapema, yatandaze juu tu, usiyafukie, na ongeza CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kidogo chini yake.

Majani ya misindano ni matandazo mazuri sana, yanaruhusu maji kupita na hayagandamani. Watu husema yanaongeza tindikali, lakini yakitandazwa juu tu athari yake ni ndogo. Tindikali ya Mufindi iko kwenye udongo wenyewe. Hakikisha tu matandazo hayagusi shina, acha upana wa kiganja.

---

Mchangiaji wa Soweto, Mbeya

Kaka, mimi nina swali la mitandaoni. Kuna video zinaonyesha mtu anakata tawi la waridi, analichomeka kwenye kiazi mviringo, anafukia, baada ya muda linaota. Viazi huku tunavyo vya kumwaga. Inafanya kazi?

Mleta uzi

Mdogo wangu, achana nayo. Tawi linatoa mizizi kwa nguvu iliyomo ndani ya tawi lenyewe, mradi lipate unyevu na hewa. Kiazi hakiliongezei chochote. Kinaoza, na uozo unapanda kwenye tawi, au kiazi chenyewe kinachipua unabaki na shamba la viazi. Kibaya zaidi ni mnyauko bakteria. Kiazi kinaweza kuwa nao ndani bila dalili yoyote nje, ukaufukia bustanini kwako, mwakani nyanya zako zinanyauka zikiwa za kijani na hujui ulitoka wapi.

Fanya hivi. Tafuta tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, lenye unene wa penseli. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, mwisho wa chini ukate karibu kabisa, chini tu ya kifundo cha jani. Bakiza jani moja au mawili ya juu tu. Ukichubua ganda kidogo upande mmoja wa chini, mizizi inatoka kwa urahisi zaidi. Chomeka theluthi mbili ya tawi kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo wa msituni nusu kwa nusu, mwagia, funika na chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako. Weka kivulini penye mwanga. Usivute kila siku kuangalia kama imeota, unakata mizizi michanga. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane, na kwenye baridi ya Juni inaweza kuzidi. Miezi mizuri kwetu ni Septemba na Oktoba, au mwishoni mwa mvua mwezi Aprili.

Mawaridi ya zamani yaliyo kwenye nyua za mabibi zetu yanaota kwa njia hii bila shida, na ni magumu kwa magonjwa. Omba tawi huko kabla hujafikiria kununua. Yale ya dukani yenye shina refu na ua moja yalizalishwa kwa ajili ya kukatwa na kusafirishwa, mengi yanasumbua uani.

---

Mama wa Makete

Kamwene wana bustani. Mimi nakaa Makete, Juni na Julai sakitu, ile baridi inayogandisha umande, inatuchoma. Mwaka huu nilipogoa mwezi Mei nikaona machipukizi mazuri mekundu, wiki chache baadaye yote yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Mti umekufa?

Mleta uzi

Kamwene mama, pole sana. Mti haujafa. Kwaruza ganda la tawi kwa ukucha: penye kijani ni hai, penye kahawia pamekufa. Mara nyingi sehemu ya chini na mizizi viko salama kabisa.

Kupogoa kunauamsha mti uchipue, na chipukizi changa limejaa maji, sakitu ikishuka linapasuka ndani. Ndiyo maana kwa watu wa Makete, Njombe na sehemu za juu za Mufindi nasisitiza msipogoe Mei wala Juni. Acheni hata yale maua yaliyonyauka yageuke kuwa vile vitunda vyekundu, mti unajua msimu wa kutulia umefika. Mbolea ya naitrojeni nayo ikome mwezi Aprili. Sasa hivi mama usiyakate hayo meusi, yaache yakinge yaliyo chini. Hatari ya sakitu ikishapita, mwishoni mwa Agosti au hata katikati ya Septemba kwa huko juu, ndipo ukate mpaka ufike kwenye ubichi.

Naomba nieleze kupogoa hapahapa. Kwa Mbeya mjini na Iringa ambako baridi haifiki kuua, wiki mbili za mwisho za Agosti ndizo zangu. Toa kwanza matawi yaliyokufa, yaliyougua, na yanayosuguana. Kisha fungua katikati ili mwanga uingie. Matawi manne au matano yenye nguvu yabaki, uyapunguze mpaka nusu ya urefu. Kata milimita 5 juu ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje, kwa mshazari, mteremko uelekee upande usio na jicho. Mkasi uwe mkali na uusafishe kwa spiriti ukitoka mti mmoja kwenda mwingine. Kutoka kukata hadi kuchanua ni wiki sita hadi nane, pengine zaidi kwenye baridi. Ukikata mwisho wa Agosti unapata maua Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua kubwa hazijaanza kuyaozesha. Hiyo ndiyo sababu ya tarehe, siyo mazoea tu.

---

Mchangiaji wa Kihesa, Iringa

Napingana na mleta uzi kidogo. Mimi namwagilia jioni kwa mpira, majani yote yanalowa, mwaka wa kumi na kitu sasa, na doa jeusi silioni. Msitishe watu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, nakubaliana na unachokiona, maana Iringa mjini mvua ni haba kuliko kwetu na upepo unakausha. Huenda pia una aina ngumu. Lakini ushauri huo mtu wa Tukuyu akiufuata atabaki na vijiti. Kwako wewe ningebadilisha kitu kimoja tu, uhamishe kumwagilia kuwa asubuhi, na umwage mengi kwa mara chache. Ndoo ya lita 10 kwa mti mkubwa mara mbili kwa wiki inapeleka mizizi chini. Kunyunyiza kila jioni kunaiweka mizizi juu, na Oktoba jua la Iringa likiwaka inaungua.

---

Mchangiaji wa Tukuyu

Umenitaja mkuu! Huku mvua haituachi, hiyo kiangazi yenu tunaisikia tu. Tufanye nini? Tuache waridi?

Mchangiaji wa Mbozi

Mimi ni mtu wa kahawa. Chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani tunazuia kwa kopa, dawa ya kuvu yenye madini ya shaba, na mke wangu hupiga masalio kwenye mawaridi yake. Inasaidia doa jeusi, ila kuna mwaka majani yaliungua.

Mleta uzi

Asante mkuu wa Mbozi, umeleta jambo la maana. Kopa inazuia doa jeusi, lakini jani la waridi ni laini kuliko la kahawa, na kopa ikikaa juu ya jani lililolowa kwenye ubaridi inaunguza. Fuata kipimo cha chini kwenye lebo, piga asubuhi ya siku yenye dalili ya jua, na vaa barakoa na glavu kama unavyovaa shambani. Kumbuka pia kopa inakinga tu. Jani lenye doa haliponi, kwa hiyo inapigwa kabla, mwanzo wa mvua.

Wa Tukuyu, usiache waridi. Ila aina ni muhimu kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote kwenye uzi huu. Tafuta zenye majani mazito yanayong'aa, au zile zenye majani yaliyokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, jamii ya *Rosa rugosa*, zinavumilia doa jeusi vizuri sana. Maua yenye petali chache yanafunguka kwenye mvua. Yale yenye petali nyingi yanaganda na kuoza yakiwa tumba. Pandisha tuta la sentimita 20 hadi 30 ili mizizi isikae majini. Na nafasi iwe mita moja kamili, usinyimane na upepo.

---

Mchangiaji wa Mkwawa, Iringa

Mwaridi wangu ulikuwa mwekundu, maua makubwa. Mwaka huu umetoa vijiua vyeupe vidogo vingi kwa pamoja. Jirani anasema udongo umebadilisha rangi.

Mleta uzi

Udongo haugeuzi waridi jekundu kuwa jeupe. Mwaridi wako ni wa kubebesha, kama miche ya parachichi ya Njombe: juu aina moja, mizizi ya aina nyingine. Kilichochanua sasa ni cha chini, huenda ni *Rosa multiflora*, yenye vishada vya maua meupe madogo. Kina nguvu, na kikiachwa kitakula chakula chote na kile chekundu kitakufa.

Fukua udongo ufuate hilo tawi mpaka linapotokea. Likitoka chini ya lile fundo la kubebeshea, ling'oe kwa kulivuta, usilikate. Ukilikata linabakiza macho, yanatoka matatu badala ya moja. Likiwa juu ya fundo, ni mali yako, liache. Na usihesabu vijani kutambua, kuna mawaridi mazuri yenye vijani saba.

---

Mchangiaji wa Mafinga

Mkuu, la mwisho. Mbolea ya dukani nitie ipi na lini?

Mleta uzi

NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), kijiko kimoja cha chakula kwa mti, uisambaze mduara mbali na shina, uifukie kidogo, umwagie. Mara ya kwanza machipukizi yakifika urefu wa kidole baada ya kupogoa. Mara ya pili baada ya mchanuo wa kwanza kuisha, ukishakata maua yaliyonyauka mpaka kwenye jani imara lenye vijani vitano. Ya tatu Februari. Samadi ndoo moja kila Septemba. Majivu ya jikoni konzi moja kwa mwaka yanatosha, na kama umeshaweka chokaa, usiweke kabisa. Wewe wa Mafinga pima udongo kwanza kabla ya Septemba, ukipata majibu yaweke hapa tuyasome pamoja.